Kuunganisha vipande vya mtandaoni hakutoi kipindi cha runinga
Unauliza kwa nini vichekesho vya mtandaoni hupwaya vikihamia runingani. Anza na urefu. Kipande cha dakika 4 hubebwa na tukio moja tu. Nafasi ya nusu saa yenye matangazo inataka kama dakika 22. Ukiunganisha vipande vitano, mtazamaji anafika mwisho mara tano, na kila mwisho unampa nafasi ya kubadili chaneli. Panatakiwa kisa kikuu, kisa kidogo cha pembeni, na jambo linaloachwa likining'inia kabla ya kila tangazo. Broad City, kichekesho cha Wamarekani Abbi Jacobson na Ilana Glazer, kilianza mtandaoni 2009, kikaingia chaneli ya runinga ya Comedy Central 2014: wahusika wakuu walewale, visa vikatanuliwa kutoshea nusu saa. Hapo ndipo walipopatia.

Halafu makaratasi, na kwa kweli wengi hukwama hapa: muziki usio na leseni, marafiki walioigiza bila kusaini chochote, mwandishi mwenza asiye na mkataba. Kituo kitasita kununua kazi yenye mgogoro wa umiliki. Wote watie saini kabla kamera haijawashwa, hata kama hakuna malipo.