Zima hiyo pampu kwanza, mengine baadaye

Mkuu, zima pampu, halafu urudi uendelee kusoma.

Unasema kontena la mtambo wako wa bayogesi, ile gesi ya kupikia inayotoka kwenye mabaki yanayooza, umelijaza mabaki mabichi ya jikoni siku sita zilizopita, maji yanayochuruzika chini unayarudisha juu usiku na mchana, gesi inatoka lakini haiwaki, na sasa unataka kununua pampu kubwa zaidi. Nimesoma tumbo likanikata. Hivyohivyo ndivyo nilivyoliua lundo langu la kwanza.

Fundi aliyenifungia mtambo aliniambia, "Maji yakizunguka sana, gesi inapanda sana." Nikamwamini. Siku ya tatu mfuko wa gesi ukajaa, ukakaza kama ngoma, tukashangilia. Kumbe nyingi ilikuwa kabonidayoksaidi, jiko likawa linapumua tu bila moto. Nikampigia, akasema niongeze mwendo wa pampu. Nikaongeza! Wiki ya pili nikakinga maji yale kwenye glasi: rangi ya kahawia, povu jepesi juu, harufu ya maziwa yaliyochacha yakachanganyika na matapishi. Karatasi ya kupimia ikaonyesha pH 5 (kipimo cha uchachu: ikishuka chini ya 7, asidi imezidi).

Ndani ya lundo kuna vijidudu vya aina mbili. Vya kwanza vinavunja mabaki na kutoa asidi, navyo vinazaana kwa saa. Vya pili vinakula asidi hiyo na kutoa methani, ile gesi inayowaka, lakini vinazaana kwa siku, tena vinataka pH ya 6.8 hadi 7.5 hivi. Lundo likiwa changa, vya pili ni vichache mno. Maji yanaosha asidi kutoka kwenye mabaki, yanashuka nayo, kisha pampu yako inairudisha na kuwamwagia walewale wachache unaowategemea. Kila mzunguko ni kipigo kingine.

Nilimwaga chokaa. pH ikapanda siku mbili, ikashuka tena, na chokaa ikagandia kwenye matundu ya kunyunyizia. Lile lundo sikuliokoa, nililitoa kwa koleo. Na yule fundi hakuwahi kuniuliza hata mara moja nina tope la mbegu kiasi gani, yaani tope la mtambo uliokomaa lenye vijidudu vya kuanzishia. Swali hilo moja lingeniokoa, na ndilo linaloniuma mpaka leo, maana alikuwa ameshachukua hela yake.

Kwa hiyo shika hili moja: maji ya lundo changa yasirudi juu ya lundo changa. Yapitishe kwanza kwenye lundo kongwe, lile ambalo tayari linatoa gesi inayowaka. Lile lina walaji wa kutosha, litaimaliza asidi, na maji yatakayotoka huko ndiyo umwagie changa, kwa sababu yanakuja na vijidudu pamoja na nguvu ya kuhimili asidi. Huna lundo kongwe? Tafuta tangi la tope kutoka mtambo uliokomaa lifanye kazi hiyo. Ukijaza tena, changanya mabaki mapya na yaliyokwisha kuchachuka, mimi sasa naenda nusu kwa nusu. Pampu iende dakika chache, ipumzike saa kadhaa. Ukilowesha mfululizo lundo linajishindilia, maji yanajitafutia njia pembeni mwa ukuta na katikati panabaki pakavu.

Usitegemee pH peke yake pia. Ile bikaboneti iliyomo kwenye maji, yaani chumvi inayozimua asidi, inaficha ugonjwa: inaliwa taratibu huku pH ikisimama palepale, ikiisha pH inaporomoka. Pima asidi dhidi ya alikali, yaani ile nguvu ya maji ya kuhimili asidi. Chuja maji, dondoshea asidi ya salfuriki mpaka pH 5.0, andika umetumia kiasi gani, endelea mpaka 4.4, andika tena. Kutokana na hizo mbili unapata uwiano wa asidi kwa alikali. Kwenye maji yanayotoka lundo kongwe, 0.3 hadi 0.4 ni salama. Ukiona unapanda siku hadi siku, punguza maji machanga unayolipelekea, hata kama pH bado inakupendeza.

Na usifungue kontena ukaingiza kichwa kuangalia. Gesi ya humo ina salfaidi ya hidrojeni, inaua.

Leo hii kinga glasi moja chini ya lundo, pima pH na huo uwiano, uziweke hapa pamoja na kiasi cha tope la mbegu ulilotia. Nikiziona nitakuambia kama linaokoleka au utafute koleo.