Draivu ya kuchomea CD masta: uliza C1 na C2, achana na 52x

Fundi mitambo unayeanza kurekodi kwaya na ngoma hapa Dodoma, ukiulizia draivu dukani utatajiwa 52x kabla hata ya bei. Kwa kazi ya masta, yaani CD ya kwanza ambayo kiwanda hunakili kutoka kwayo, namba hiyo ni pambo. Mwendo wa 52x hufikiwa karibu na ukingo wa diski tu, na masta haichomwi kwa mwendo huo. Uliza hivi: draivu hii inaweza kuhesabu makosa ya C1 na C2? Muuzaji asipojua, tafuta jibu mwenyewe kwa namba ya modeli.

Hakuna CD isiyo na makosa. C1 ni hatua ya kwanza ya kuyasahihisha, C2 ni ya pili, na namba zake ni hesabu ya makosa katika kila hatua. Kanuni ya CD ya muziki waliyoiweka Philips na Sony mwaka 1980 inavumilia wastani wa makosa 220 kwa sekunde, kiwango ambacho kwa masta ni aibu. Ikubali masta yenye wastani wa C1 usiofika 10 kwa sekunde, na ikiwa chini ya 2 umepata kitu. C2 iwe sifuri mwanzo hadi mwisho. Usipime kwa masikio: CD pleya ikishindwa kusahihisha, hukisia sauti iliyopotea kwa kuangalia iliyotangulia na inayofuata, na hata mlio mwembamba wa zeze utaona uko sawa.

Plextor Premium, PX-716A, PX-755 na PX-760 hupima zenyewe kwa programu ya PlexTools. Hazitengenezwi tena, kwa hiyo ni za mtumba. Nyingi za Lite-On hupimika kwa KProbe, na wanaotumia Linux wana QPxTool. Lite-On ndizo rahisi kukutana nazo, kwa sababu zimo kwenye kompyuta nyingi za mezani zilizotumika. Chukua ile kubwa ya kufunga ndani ya kompyuta. Zile nyembamba za USB acha za kazi ndogondogo: zinategemea umeme wa waya mmoja, na waya ukiwa dhaifu leza huyumba.

Usilipe kabla ya kujaribu. Nenda na CD tupu tatu za aina unayotumia, maana draivu inayoipenda aina moja huweza kuikataa nyingine. Jaza dakika 79 kila moja, kwa 8x, 16x na 24x, kisha pima zote. Ushauri wa zamani wa kuchoma kwa 1x usahau: CD tupu za siku hizi zimetengenezwa kwa mwendo mkubwa, na draivu nyingi hazishuki hadi huko.

Kwenye grafu ya makosa inayochorwa na programu ya kupima, macho yako yawe kwenye dakika kumi za mwisho. CD nzuri hulala chini kama nyasi fupi tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiona imetulia hadi dakika ya 60, halafu inainuka kama kichuguu, basi diski imepinda, lenzi ina vumbi au leza imechoka. Badilisha diski kwanza. Kichuguu kikibaki palepale kwa CD za aina tofauti, rudisha draivu.

Vumbi letu la kiangazi, upepo ukishika, ndilo adui mkubwa. Trei isiachwe wazi hata dakika moja, na CD tupu zikae ndani ya kopo lake. Lenzi usiipulize kwa mdomo. Mate yakikaukia pale, umeharibu.

Wakati wa kuchoma, chagua disc-at-once, yaani diski nzima kwa mkupuo mmoja. Track-at-once huzima leza kati ya nyimbo, na kila kiungo kinachobaki huweza kuhesabiwa kiwandani kama kosa, masta ikakataliwa. Kinga ya bafa, ile iitwayo BURN-Proof kwenye baadhi ya draivu, ambayo husimamisha uchomaji data ikichelewa na kuuendeleza baadaye, izime ikiwa programu inaruhusu. Kompyuta ikikwama ni heri diski iharibike waziwazi kuliko kushonwa katikati bila wewe kujua. Hamisha kwanza faili za sauti za WAV kutoka kwenye flashi hadi diski ya ndani, ziwe 44,100 Hz na biti 16, na uweke UPS, kifaa cha betri kinachoshika umeme ukikatika. CD iliyokatikiwa umeme katikati haiokoki.

Usibandike karatasi juu yake. Upande wa maandishi ndio dhaifu, una vanishi nyembamba tu juu ya safu inayoakisi mwanga, kwa hiyo andika kwenye duara lililo wazi karibu na tundu. Peleka kiwandani nakala mbili pamoja na grafu zake. Ya tatu ibaki studio na ipimwe kila mwaka kwa draivu ileile. C1 ikianza kupanda, choma nyingine kutoka humo wakati C2 bado ni sifuri.