Mwambie daktari kuhusu hayo mafuta, tena kesho asubuhi

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 56. Miaka minne iliyopita niliwekewa valvu ya chuma kwenye moyo, na tangu hapo nameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila jioni. Magoti yananiuma hadi silali, na kliniki walinikataza ibuprofeni na diklofenaki kwa sababu ya hiyo warfarini. Binti wa dada yangu akaniletea chupa ya mafuta ya bangi, yale ya CBD. Naweka matone chini ya ulimi asubuhi na jioni, hii ni wiki ya sita, na kweli nalala. Lakini siku hizi nikipiga mswaki natema damu, na mapajani nina alama za damu kuvilia ambazo sikumbuki nilijigonga wapi. Daktari wangu ananiheshimu sana, huniita mama. Nikimwambia natumia bangi ataniona vipi? Nimeshaahirisha kliniki mara mbili. Je, niache mafuta kimya kimya kisha niende nikiwa safi?*

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama pale pa mswaki. Aibu tutaizungumza, ila damu haisubiri. Kesho kliniki ikifunguliwa uwe mlangoni, upimwe INR siku hiyohiyo, kile kipimo cha kuona damu inachelewa kiasi gani kuganda. Na usiku huu ukiona choo cheusi kama lami, ukitapika damu, ukishikwa ghafla na maumivu makali ya kichwa, au ukianguka ukagonga kichwa, usingoje kuche. Nenda hospitali, idara ya dharura.

Siwezi kukupima kwa barua, lakini dalili zako zinafanana mno na jambo ambalo madaktari wanalijua. Warfarini huvunjwavunjwa na vimeng'enya vya ini, na CBD, ile kemikali ya bangi iliyomo kwenye mafuta yako, huvizuia vimeng'enya hivyo visifanye kazi yake sawasawa. Unameza kidonge kilekile cha kila jioni, kumbe cha jana bado kimo mwilini, na cha juzi hakijaisha. Damu inakuwa nyepesi kupita kiasi. Hujakosea dozi hata siku moja, ila mafuta yanaweza kuwa yamekuzidishia.

Sasa hilo la kuacha kimya kimya ndilo lililonitia hofu kuliko mafuta yenyewe. Tuseme umeacha leo, kesho ukaenda ukiwa "safi". INR inakutwa juu. Daktari hajui sababu, anakupunguzia warfarini kama inavyotakiwa. Siku zinapita, CBD inaisha mwilini, ini linarudia kasi yake, na ile dozi iliyopunguzwa haikutoshi tena. Damu inaanza kuganda, na valvu ya chuma ni mahali inapopenda kugandia. Bonge likichomoka pale likapanda kwenye ubongo, hicho ni kiharusi. Daktari atakuwa amefanya kila kitu vizuri, isipokuwa alinyimwa neno moja. Kwa hiyo warfarini usiipunguze wala kuiacha kwa uamuzi wako. Na mafuta, ukiyaacha au ukiendelea nayo, yeye ajue, ili apange lini urudi kupimwa tena.

Huna haja ya utangulizi mrefu wa kujitetea. Ukiketi tu, kabla hajafungua faili, sema: "Daktari, wiki sita sasa natumia mafuta ya bangi kwa ajili ya magoti. Matone kadhaa asubuhi, kadhaa jioni. Fizi zinatoka damu. Chupa hii hapa." Taja idadi kamili ya matone. Kisha nyamaza, yeye aulize. Ulimi ukiwa mzito, andika maneno hayo kwenye karatasi umkabidhi pamoja na chupa. Akianza kukufokea, mwambie kwa heshima: "Naomba tuangalie damu kwanza." Na kama yeye hayupo, mwambie mfamasia au muuguzi wa kliniki ya damu. Wanaujua mwingiliano wa dawa, mara nyingine kuliko daktari mwenyewe.

Chupa usiisahau nyumbani. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walipima bidhaa 84 za CBD zilizouzwa mtandaoni: 26 tu ndizo zilikuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye lebo, na 18 zilikutwa na THC, ile inayolewesha. Lebo inaweza kusema hivi na matone yakawa vingine.

Kuhusu kukuona vipi. Mdogo wangu, daktari wa moyo anayesikia habari za bangi kwa mgonjwa wake hashangai kama unavyodhani. Dawa zinazotokana na mmea huo zimo kwenye maduka ya dawa ya nchi kadhaa: Epidiolex, ambayo ni CBD yenyewe, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa aina nadra za kifafa, Sativex hutolewa kwa wenye misuli inayokakamaa kwa ugonjwa wa neva uitwao maltipo sklerosisi. Sheria ndiyo hutofautiana kati ya nchi na nchi, na hofu yako hapo naielewa. Una haki ya kuuliza kwanza: "Nitakayokwambia yataandikwa wapi, na nani atayasoma?" Swali hilo si la utovu wa adabu.

Na mwambie pia kwamba unalala. Nasisitiza hili kwa sababu wengi wakishakiri huona haya kutaja nafuu, na ugonjwa uliowapeleka kwenye chupa unasahaulika palepale. Sitakuficha: mwaka 2023 watafiti wa Vienna walichapisha jaribio la wagonjwa wa magoti yaliyosagika, na waliopewa CBD miligramu 600 kwa siku kwa wiki nane hawakupata nafuu kuwashinda waliopewa vidonge visivyo na dawa. Lakini maumivu yako ni ya kweli, na uliambiwa tu usichopaswa kumeza, ukaachwa na magoti yako. Muulize: "Basi magoti yangu tunayatibu kwa kitu gani?" Kuna mazoezi ya tiba ya viungo, kuna dawa za kupaka, kuna sindano za gotini, na hata parasetamoli ina kiasi chake kwa mtu wa warfarini. Usitoke mle bila jibu.

Binti wa dada yako usimkasirikie, alikuonea huruma. Mpigie leo jioni umuulize alinunua wapi na kama alitunza boksi, maana hilo nalo utaulizwa.