Kabla hujaandika kuhusu mikopo ya biashara ndogo, waulize wale ambao hawakuomba

Wanafunzi wengi wananiuliza waandike nini kuhusu mitaji ya biashara ndogo na za kati, na karibu wote wanataka mikopo ya simu, sababu ndo mada inayovuma. Inavuma kweli, sikatai, ila mimi nilipoteza miezi minne kwa kukimbilia palepale.

Dodoso langu lilianza na "Je, uliomba mkopo mwaka huu?" Akisema hapana namrukisha mpaka ukurasa wa mwisho, nishaamua huyo hana shida na hela. Siku hiyo mama mmoja mwenye cherehani tatu kajibu hapana, nakunja karatasi zangu niondoke, akavuta droo akatoa fomu ya mkopo imejazwa yote mpaka sahihi, kingo zishaanza kuwa njano. "Nipeleke ili wanikatalie?" Usiku nikafungua data, hapana zilikua zaidi ya nusu, na wote hao nimewachanganya na wasiohitaji!

Msimamizi wangu akaniambia kasome makala ya watafiti Kon na Storey, 2003. Watu kama yule mama wana jina kabisa kwenye utafiti, wakopaji waliokata tamaa, yaani biashara ni nzuri ila mwenyewe haombi maana anaamini atanyimwa. Toka hapo rudi nyuma mpaka Stiglitz na Weiss, 1981, hao usiwaruke hata kidogo: benki haimjui vizuri anayekopa, ikipandisha riba wale waangalifu wanajitoa wanabaki wacheza bahati nasibu, kwa hiyo inaona bora wengine iwanyime tu hata kama wako tayari kulipa riba kubwa. Petersen na Rajan, 1994, kwa biashara ndogo za Marekani wakakuta kuzoeana na benki kunasaidia zaidi kupata mkopo kuliko kupunguziwa riba.

Sasa mikopo ya simu ni swali lilelile la kumjua mkopaji, badala ya meneja anayekufahamu wanaangalia miamala yako. Ukipewa data na kampuni ya mikopo utafurahi, mistari maelfu, lakini humo kuna walioomba tu. Yule wa kwenye droo hayumo.

Kwa hiyo ongeza swali, "Kwa nini hukuomba?" na usiweke visanduku vya kutiki, acha nafasi aeleze. Mimi nilirudi kwa wote waliosema hapana, nikianza na yule mama, na maelezo yake yalijaa mpaka nyuma ya karatasi.