Ova nne za Jumamosi si ova thelathini za Aprili

SWALI: Kocha, habari za siku. Mimi ni mtu wa Mombasa, naishi Leicester mwaka wa kumi na mbili huu, na kriketi ya kaunti (klabu za majimbo ya Uingereza) ndiyo starehe yangu. Klabu ninayoishabikia (sitaitaja, majirani watanicheka) ilitangaza tangu Novemba kwamba imemsajili mrushaji wa kasi kutoka ng'ambo. Wiki tatu kabla ya msimu ikatoka taarifa ya mistari minne: haji tena, bodi ya nchi yake inataka kumpunguzia mzigo wa kazi. Lakini mtu huyo nimemwona kwenye runinga siku kumi tu zilizopita, ligi ya T20 (kriketi fupi, ova ishirini kwa kila timu), anarusha moto! Huu si usanii? Na kwa wiki tatu, klabu itampata nani wa kuziba pengo hilo? Kadi ya msimu nimeshailipia.

JIBU: Ndugu yangu, pole. Usanii katika mchezo huu upo, na nitaufikia. Ila kwanza tuhesabu mipira, maana jibu la swali lako liko humo.

Katika T20 mrushaji haruhusiwi kuzidisha ova nne, na kila ova ni mipira sita. Hiyo ni mipira 24, kisha anavaa koti na kwenda kusimama ukingoni mwa uwanja. Mechi ya County Championship, yaani ubingwa wa kaunti, ni ya siku nne, na kila siku hupangwa ova 96. Timu ikikaa uwanjani kutwa nzima inarusha, ikiwa na warushaji wanne wa kasi na mmoja wa kuzungusha, kila mtu anaondoka na ova zisizopungua 18. Wapinzani wakirudi kupiga awamu ya pili, mrushaji mkubwa wa timu hiyo, ambaye nahodha humwita kila mambo yakikwama, anaweza kumaliza mechi na ova 35. Anapanda basi, na Ijumaa inayofuata anaanza upya mji mwingine. Kwa hiyo ulichokiona kwenye runinga ni ukweli, mtu ni mzima na anarusha moto. Ila ni mzima wa ova nne.

Sasa mwili. Mrushaji wa kasi anapokanyaga kwa mguu wa mbele, ardhi inamrudishia kishindo cha mara tano ya uzito wake na zaidi, na papo hapo kiwiliwili kinapinda kando huku kikijisokota. Anayelipa ni mgongo, zile pingili za chini kabisa, na mara nyingi ni upande ulio kinyume na mkono anaorushia. Mfupa huo una tabia moja nzuri na moja mbaya. Nzuri ni kwamba ukiuzoesha kidogo kidogo kwa wiki nyingi, unakomaa. Mbaya ni kwamba ukiurundikia mzigo kwa ghafla haulalamiki siku ileile. Unanyamaza, mtu anacheza, anapata wiketi (anawatoa wapigaji), mnampigia makofi, halafu wiki ya tatu au ya nne anaamka asubuhi hawezi kuinama kufunga kamba za viatu. Picha ikipigwa, ufa upo. Na ufa wa namna hiyo hupona kwa miezi.

Hili nimejifunza kwa aibu, si kwa kusoma. Niliwahi kuwa na kijana wa miaka 19, mrefu, mwenye mkono wa ajabu. Alitoka likizo ya wiki tano bila kushika mpira, nami nikawa na fainali mbele yangu. Nikamrushisha siku tatu mfululizo mazoezini "ili apate mwendo". Fainali tulishinda. Yeye hakurusha tena mwaka ule, na mpaka leo nikikutana na mama yake sokoni mimi ndiye ninayetangulia kuamkia.

Kwa hiyo daktari wa bodi anapoangalia daftari na kuona kwamba kwa miezi mitatu mtu amerusha ova nane au kumi kwa wiki, halafu kaunti inataka arudi kwenye thelathini na ushee kwa ghafla, tena Aprili, kwenye baridi ya Uingereza ambako misuli haipati joto hadi chakula cha mchana, anachosema si uongo. Mimi ningesema hivyohivyo.

Usanii uko hatua moja nyuma. Nani aliyempanga acheze ligi ile miezi yote hiyo bila kurusha mpira mwekundu, ule wa mechi za siku nne? Bodi ileile. Mchezaji mwenye mkataba na bodi ya taifa lake hawezi kwenda kucheza nje bila cheti cha kutokuwa na pingamizi, na cheti hicho bodi hukitoa na kukinyima kwa hesabu zake. Mwaka 2024 Pakistan ilimnyima Naseem Shah ruhusa ya kwenda timu ya Birmingham Phoenix kwenye The Hundred, mashindano ya kriketi fupi ya Uingereza, sababu ikiwa mzigo wa kazi, na ukikumbuka kwamba jeraha la bega lilikuwa limemkosesha Kombe la Dunia la 2023, huwezi kusema wamekosea. Lakini kwa jumla mizani imelala upande mmoja. Ligi fupi zinalipa nyingi kwa mipira michache, kaunti inalipa kidogo kwa mipira mingi, na bodi inapotafuta mahali pa kumpumzisha mtu wake, kaunti ndiyo inayokatwa kwanza. Kwa hilo nuna tu, una haki.

Tuje kwenye pengo. Kaunti inaruhusiwa kuchezesha wageni wawili katika mechi ya ubingwa. Zamani kulikuwa na mlango wa pembeni: hukumu ya mwaka 2003 ya mahakama ya Ulaya, kesi ya mcheza mpira wa mikono wa Slovakia aitwaye Kolpak, ilizifanya kaunti ziweze kuwasajili Waafrika Kusini bila kuwahesabu kama wageni. Kyle Abbott, mrushaji wa Afrika Kusini, aliingia kaunti ya Hampshire kwa njia hiyo. Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya mlango ukafungwa mwisho wa 2020. Siku hizi mgeni ni mgeni: lazima atimize masharti ya bodi ya kriketi ya Uingereza ili aidhinishwe, kisha viza, kisha cheti cha nyumbani kwake. Wiki tatu zinatosha kama karatasi zinakwenda vizuri. Kwa nini zisiende vizuri, hilo waulize waliowahi kuomba viza ya Uingereza wakiwa Nairobi au Dar.

Hapo ndipo klabu nyingi hukosea. Zinatafuta jina linalolingana na jina lililopotea, ili mashabiki kama wewe mtulie. Jina kubwa lililo huru mwezi Machi mara nyingi liko huru kwa sababu: linatoka jeraha, au linatoka ligi fupi, yaani ugonjwa uleule. Ningekuwa mimi, ningeuliza swali moja tu kwa wakala: mtu wako amerusha ova ngapi za mpira mwekundu wiki nane zilizopita? Ndiyo maana jicho langu lingekuwa Australia na New Zealand. Sheffield Shield, ligi ya mpira mwekundu ya Australia, humalizika mwishoni mwa Machi, na ya New Zealand, Plunket Shield, karibu na hapo. Watu wa huko wanashuka ndege wakiwa na ova miguuni. Huna haja ya kuwazoesha, unawapa koti zito na kuwaonyesha uwanja.

Nottinghamshire mwaka 2025 walianza msimu na Fergus O'Neill kutoka Victoria, mtu ambaye nje ya Australia wengi hawakuwa wakimjua, na mwaka huohuo wakamchezesha Mohammad Abbas wa Pakistan. Septemba walitwaa ubingwa, wa kwanza kwao tangu 2010. Kumbuka kwamba Abbas huyohuyo walikuwa wamemsajili kwa ajili ya msimu wa 2020, korona ikaja, mkataba ukavunjwa kabla hajarusha hata mpira mmoja. Walimpoteza kabla ya msimu kama mlivyompoteza wenu, wakamngoja miaka mitano.

Na Abbas wala si mtu wa kasi ya kutisha. Hili nalisema makusudi, kwa sababu runinga imetuzoesha kupima mrushaji kwa namba ya kilomita inayomulika kwenye kona ya skrini. Mpira wa Dukes unaotumika Uingereza una mshono uliotuna, umeshonwa kwa mkono, na hauishi makali upesi. Asubuhi ya Aprili, nyasi zina unyevu na mawingu yamefunika, anayeweza kuudondosha mpira palepale, mshono umesimama wima, mara mia kwa siku, ana thamani kuliko mwenye moto wa dakika ishirini. Mwaka 2018 Kent walimleta Matt Henry wa New Zealand. Alichukua wiketi 75 za ubingwa na Kent wakapanda daraja. Abbas mwaka huohuo alikuwa hapo kwenu Leicester, mechi 10, wiketi 50.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa zamani. Andy Roberts wa Antigua aliwachukulia Hampshire wiketi 119 mwaka 1974, akaondoka mwaka 1978 msimu ukiwa katikati. Hampshire wangeweza kuhangaika na majina. Wakamchukua kijana wa Barbados, Malcolm Marshall, ambaye alikuwa amecheza mechi chache mno za daraja la juu. Mwaka 1982 kijana huyo alichukua wiketi 134 za ubingwa peke yake.

Kuna na njia ya tatu isiyopendwa, ya kutoleta mtu yeyote Aprili. Klabu inaazima mrushaji asiye na nafasi kwenye kaunti jirani, inawapa ova chipukizi wake, na nafasi ya mgeni inaitunza hadi Septemba. Sipendi sana, na sababu ni ratiba: karibu nusu ya mechi 14 za ubingwa huchezwa kabla ya Mei kwisha, kisha mpira mweupe, ule wa mechi fupi, unatawala kiangazi. Ushindi una pointi 16, sare pointi 8. Juu ya hizo kuna pointi za warushaji zisizozidi 3, nazo hupatikana ndani ya ova 110 za kwanza tu: wiketi tatu ni pointi moja, sita ni mbili, tisa ni tatu. Timu isiyoweza kuwaondoa wapinzani mara mbili itakusanya sare, na Juni ikifika itakuwa inawatazama wenzake walio juu yake.

Siku ya kwanza ukienda uwanjani, chukua karatasi. Usiandike wiketi, hizo zitaandikwa gazetini. Andika mrushaji mpya amepewa ova ngapi baada ya chai, na amezirusha kutoka upande upi. Nahodha akimwita mara ya nne saa kumi na moja jioni, naye akaja bila kuvuta mguu, mmepata mtu. Akiwa anajipapasa mgongo kila anaporudi kwenye alama yake, niandikie tena.

Kadi usiirudishe. Viti vya upande wa jua mwezi wa nne ni vya kugombania, na wewe mtu wa Mombasa najua hutakaa kivulini.