Nachoka hadi nasinzia nikiomba: je, imani yangu imepungua?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, nimeajiriwa, na tangu mwaka jana namuuguza mama yangu aliyepooza kwa kiharusi. Kanisani naongoza kwaya na kufundisha shule ya Jumapili. Mume wangu na ndugu zangu wanasema mimi ndiye ninayemwelewa mama, kwa hiyo karibu kila kitu kinanisubiri mimi. Usiku nikipiga magoti nasinzia hapohapo, na nikisoma Biblia maneno hayaingii. Mzee mmoja wa kanisa alinisomea Isaya 40:31, akasema wamngojeao Bwana hawachoki, kwa hiyo niongeze siku za kufunga. Je, uchovu huu ni dhambi? Na ile raha aliyoahidi Yesu nitaipataje?

JIBU: Asifiwe milele, dada yangu. Nianze na hilo linalokukosesha amani: kuchoka si dhambi, na kwa hayo uliyoyaeleza, ningeshangaa kama usingechoka. Yohana anaandika kwamba Yesu, "kwa sababu amechoka na safari yake, akaketi vivi hivi kisimani" (Yohana 4:6). Ilikuwa yapata saa sita, jua la utosi. Na ndani ya mashua alilala usingizi ambao hata dhoruba haikuukatiza, mpaka wanafunzi walipomwamsha wenyewe (Marko 4:38). Huyo ndiye asiye na dhambi. Mwili wake ulichoka kama wako, na hakuona haya kuketi.

Sasa Isaya 40. Mzee wako hakukosea kukupeleka kwenye sura hiyo, ila aliianzia mwishoni. Rudi nyuma kidogo. Mstari wa 28 unasema asiyechoka ni Bwana mwenyewe. Mstari wa 29 unasema "huwapa nguvu wazimiao," na wa 30 unakiri kwamba hata vijana watazimia na kuchoka. Maneno haya ni ya kuwafariji watu wa Yuda walioonja uhamisho wa Babeli, watu waliofika mahali pa kusema njia yao imefichwa, Bwana haioni. Yaani ahadi ya nguvu mpya imetolewa kwa watu ambao tayari wamekwisha nguvu. Inaniuma kila ninaposikia andiko la kumwinua aliyelemewa likitumika kumkagua.

Kuhusu kufunga: naheshimu moyo wako wa utii, lakini kwa kipindi hiki usifunge. Soma 1 Wafalme 19 polepole, hata kama ni mistari minane tu ya mwanzo. Nabii Eliya ametoka kuwashinda manabii wa Baali pale mlima Karmeli, kisha malkia Yezebeli anaapa kumuua. Anakimbia mpaka Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake, anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mretemu, mti mdogo wa jangwani, na kusema, "Yatosha, sasa, Ee Bwana, uiondoe roho yangu." Nabii wa Mungu anaomba kufa! Tazama alivyojibiwa. Malaika anamgusa na kumwambia, "Inuka, ule." Kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, anakunywa, analala tena, na malaika anamwacha alale. Anarudi mara ya pili, anamwambia tena ale, akisema, "maana safari hii ni kubwa mno kwako." Hakuna karipio hapo, wala mahubiri. Swali zito, "Unafanya nini hapa, Eliya?", lilimngoja mpaka alipofika Horebu, mlima wa Mungu, akiwa ameshakula na kulala. Na kabla hajaondoka Horebu, Mungu alimtajia Elisha, mtu wa kuipokea kazi yake.

Kwa hiyo, dada yangu, usingizi ukikuzidi usiku, lala. Sema tu, "Baba, nimechoka, namwacha mama mikononi mwako," kisha panda kitandani. Sala hiyo imetimia. Paulo anasema hatujui kuomba jinsi itupasavyo, lakini Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa (Warumi 8:26). Nayo Zaburi 127:2, baada ya kuwataja wanaoamka mapema na kuchelewa kulala, inasema Bwana humpa mpenzi wake usingizi. Usingizi ni zawadi yake. Usiupokee kama mwizi.

Umeuliza habari za raha ya Mathayo 11. Wengi tunaishia mstari wa 28, "nami nitawapumzisha," na kusahau kwamba unaofuata unasema, "Jitieni nira yangu." Sitakudanganya: ukimwendea Yesu leo, usiku wa manane mama bado atahitaji kugeuzwa ubavu asipate vidonda, na shuka zitahitaji kubadilishwa. Kinachoondoka ni ule mzigo mwingine, wa kutaka kumthibitishia Mungu kila siku kwamba unatosha. Yesu aliwakemea viongozi wa dini waliofunga mizigo mizito na kuwatwika watu mabegani, wao wenyewe wasiiguse kwa kidole (Mathayo 23:4). Yeye ni mpole na mnyenyekevu wa moyo. Unapomlisha mama uji kijiko kwa kijiko, hapo uko mbele zake, wala huhitaji kulipia kwa saa ya maombi uliyoikosa.

Kwaya na shule ya Jumapili, kabidhi vyote viwili kwa muda. Yethro alimwambia mkwewe Musa, ambaye kazi yake ilikuwa ya Mungu kweli, "Jambo hili ufanyalo si jema," akamshauri agawe majukumu (Kutoka 18). Njoo kanisani, keti kwenye benchi, uimbiwe.

Kisha nenda hospitali. Uchovu usioisha hata baada ya kulala unaweza kutokana na upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo, au sonona (huzuni nzito isiyoondoka), na yote hayo yana tiba. Kama umewahi kuwaza kama Eliya, kwamba afadhali ufe, usisubiri. Mwambie mtu wako wa karibu leo hii na umwone daktari. Imani haipungui kwa kumeza dawa.

Limebaki la familia, na hili naomba uwasomee. Katika Kumbukumbu la Torati 5:14, amri ya siku ya kupumzika inataja watu wa nyumbani mmoja mmoja, na kuongeza kwamba mtumwa na mjakazi nao wapumzike "vile vile kama wewe." Sababu inayotolewa ni kwamba Waisraeli wenyewe walikuwa watumwa Misri. Nyumba ambayo wote wanapumzika Jumapili isipokuwa mmoja, bado haijaitii amri hiyo, hata kama wote wametoka ibadani. Na agizo la kuwarudishia wazazi wema (1 Timotheo 5:4) ni la watoto wote. Kwa hiyo usiwaombe ndugu zako "wakusaidie," maana mama ni wao pia. Waite kabla ya Jumapili ijayo, mume wako akiwepo, mpange zamu na kuziandika. Zamu ya kwanza iwe usiku mmoja mzima ambao mwingine ndiye atakayeamka kumgeuza mama, nawe ulale chumba kingine, mlango umefungwa.