Mama akikuambia "ndiyo sista" usiondoke bado

Mnaoanza wodi ya watoto mwezi huu karibuni sana. Dozi na mahesabu ya dripu mtafundishwa na inchaji (muuguzi mkuu wa wodi), na ukuta mzima umejaa chati, kwaiyo hayo siyagusi. Mi nataka kuongelea ndugu wa mgonjwa, maana huu ni mwaka wangu wa tisa humu na makosa yangu mengi sikuyafanya kwa mtoto, niliyafanya kwa mama yake.

Mwaka wa kwanza aliletwa mtoto wa kama mwaka na nusu, homa kali, degedege, shingo imekakamaa. Daktari akaandika atolewe maji ya mgongo tuone kama ni homa ya uti wa mgongo, mi ndo nikatumwa kuongea na mama. Nikamuelezea harakaharaka huku najaza faili, kila nikivuta pumzi ananijibu "ndiyo sista", nikamuuliza umeelewa mama, "ndiyo sista", nikampa fomu ya ridhaa asaini akasema ngoja nimsubiri baba yake. Nikaona poa, nikaenda kugawa dawa. Saa kumi na moja alfajiri narudi na sindano nakuta kitanda kimetandikwa vizuriii, beseni hakuna, kanga hakuna, mtoto hakuna, na kanula yangu, kile kimpira cha kupitishia dripu, imeondoka naye mkononi. Walirudi baada ya siku tatu hali ikiwa mbaya zaidi. Mtoto tulimuokoa, ila masikio hayakusikia tena.

Baadae ndo nikaja kujua kumbe mama wa kitanda cha pili alimwambia wiki iliyopita kuna mtoto kachomwa mgongoni na kesho yake akafa. Na ni kweli jamani, yule mtoto namkumbuka. Sasa usije ukawacheka wakikwambia sindano ya mgongo inaua au ukiona mtoto kawekewa oksijeni ujue ndo basi. Tunaowawekea hivyo vitu ni wale waliozidiwa, na wengine wanakufa kwa ugonjwa wenyewe, na mama aliyekaa wodini wiki mbili anaona yote kwa macho yake anajumlisha mwenyewe. Huo sio ujinga, ni hesabu imepungukiwa kitu kimoja, basi mpe hicho kitu. Mwambie yule alichelewa, wa kwako tunataka tumuwahi. Jishike kiunoni wewe mwenyewe umuonyeshe sindano inaingia huku chini, chini ya pale uti unapoishia, na maji yanayotoka ni matone tu, kijiko cha chai hakijai. Wakilalamika damu inachukuliwa kila siku mnaenda kuuza (wanasema, tena mbele yako) waambie mtoto wa kilo 10 ana damu kama mililita 800 mwilini na leo tunachukua 2, alafu muonyeshe kichupa chenyewe.

Na hilo swali la "umeelewa?" liacheni kabisa, hakuna anayejibu hapana mbele ya mtu kavaa gauni jeupe. Mi siku hizi nauliza hivi, mama fulani, bibi yake akikupigia saa hizi akuulize wamesemaje, utamjibuje? Hapo unasikia kila kitu. Utasikia "wanataka kumpasua mgongo" na wewe hujataja kupasua popote. Alafu huyo bibi ndo mwenye maamuzi mara nyingi, au baba, au shangazi aliyetoa nauli, kwaiyo mwambie ampigie aweke spika uongee nae mwenyewe, shikamoo kwanza, dakika tano zimeisha. Baba akija nje ya muda wa kuona wagonjwa na mlinzi kamzuia getini toka ukaongee nae pale pale getini, usiseme aje kesho.

Lingine ni utapiamlo, hapa nawaomba muwe makini sana. Mtoto kavimba miguu, nywele zimekua nyekundu, mama kainamisha kichwa hata hamuangalii mtu. Mjue kule alikotoka kashaambiwa kambemenda mtoto, yani kalala na mwanaume huku ananyonyesha, na mama mkwe kashatangaza mtaa mzima. Alafu na wewe unamfokea "ulikua unampa nini huyu?" mbele ya vitanda kumi na mbili. Umemaliza kazi, hatakwambia tena kitu, na yeye ndo anatakiwa kuamka usiku kila baada ya masaa matatu kumnywesha yule mtoto maziwa kwa kikombe. Muulize kwa sauti ya chini, na mama mkwe akija kutembelea mwambie wazi, bibi huyu kapungukiwa chakula, sio mambo ya chumbani.

Hela nisiongelee sana. Sera inasema chini ya miaka 5 hospitali za serikali ni bure, ila dirishani dawa zinaishaga, na ukimuandikia akanunue nje hatasema hana hela. Utakuta karatasi yako kaifunga kwenye pindo la kanga tangu jana. Muulize wewe kwanza, mapema, ili apelekwe ustawi wa jamii kabla dozi mbili hazijaruka.

Oksijeni nimeiacha mwisho sababu ina ujanja wake. Ile mashine ndogo ya kidoleni inayopima oksijeni kwenye damu mgeuzie mama aione kabla hujaweka mpira puani, muonyeshe namba, mwambie tunataka isishuke chini ya 90. Kama inasoma 82 muache aione 82. Alafu weka oksijeni mkae wote mnaangalia inapanda. Kuna bibi mmoja nilimfundisha hivyo, hajasoma hata darasa moja ila namba anazijua za sokoni, alikaa macho usiku kucha na mara mbili alinifuata mezani nimesinzia, "we binti, imeteremka 88", naenda nakuta mpira kweli umechomoka.